Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Akibisha Hodi Kikundini

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Tumeombwa tuzungumze juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu wanaokuja vijijini kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Wao huyaita mazoezi hayo atachimenti, na kwa kuwa nanyi mmelizoea neno hilo, tutalitumia hivyo hivyo. Wengi wenu mmetuuliza ofisini: mtoto huyu amekuja na barua ya chuo, anataka kukaa nasi miezi mitatu, je, tumpokee? Tumpe kazi gani? Na sisi tutapata nini?

Hayo ni maswali mazuri na hatutaki kuyajibu haraka haraka, maana tumeona mambo ya aina mbili. Kikundi kimoja kinampokea mwanafunzi kama mgeni. Anawekewa kiti mbele, anachinjiwa kuku, kila mkutano anaombwa asalimie watu, na siku ya kuondoka anapewa zawadi. Kikundi kingine kinampokea kama kibarua wa bure: chota maji, fagia ofisi, nenda posta, andika kumbukumbu za mkutano, rudi kesho. Wanafunzi hao wawili wanarudi chuoni bila kuijua kazi, na kikundi kinabaki vile vile kilivyokuwa. Sisi tunasema huyu si mgeni wala si kibarua. Huyu yuko darasani, na walimu wa darasa hilo ni nyinyi.

Tunaona wengine mnacheka. Ati sisi ambao hatukufika hata darasa la nane tumfundishe mtu wa chuo kikuu? Ndiyo. Na jambo hili halikuanza jana, hebu tuone lilikotoka.

ZAMU YA KIWANDANI, ZAMU YA DARASANI

Tangu zamani mtu alijifunza kazi kwa kukaa na anayeijua. Fundi wa mbao alianza kwa kushika upande wa pili wa msumeno. Vyuo vikuu vilileta njia nyingine: kaa darasani miaka mitatu au minne, pata cheti, halafu nenda kazini ndipo ukaone mambo yalivyo. Mwaka wa 1906 huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, mwalimu mmoja wa uhandisi aitwaye Herman Schneider aliona njia hiyo ina pengo. Alianza na wanafunzi 27. Wiki hii mwanafunzi yuko kiwandani na mwenzake yuko darasani, wiki inayofuata wanabadilishana. Kwa hivyo kiwanda hakikukosa mtu na darasa halikukosa mtu. Na huko kiwandani walilipwa mshahara kwa kazi yao.

Nyinyi watu wa vikundi mnauelewa mpango huo upesi, kwa sababu ni zamu, kama tunavyolimiana mashamba kwa zamu. Lakini angalieni jambo moja: kazi ile ilikuwa sehemu ya masomo yenyewe. Mtu hakusoma kwanza halafu akaenda kubahatisha kazini. Alichokiona kiwandani Jumatano alikwenda kumwuliza mwalimu Jumatatu. Mpango huo ulienea. Kule Canada, Chuo Kikuu cha Waterloo kilianza hivyo mwaka wa 1957 na wanafunzi wa uhandisi, na mpaka leo wanafunzi wake kwa maelfu hubadilishana miezi minne darasani na miezi minne kazini.

Jirani zetu wa Tanzania walijaribu njia yao. Azimio la Musoma la 1974 lilisema kijana akimaliza kidato cha sita asikimbilie chuo kikuu. Afanye kazi kwanza angalau miaka miwili, na wale aliofanya kazi nao watoe neno lao juu yake. Nia ilikuwa kuondoa ile tabia ya msomi kujiona hawezi kushika jembe. Lakini idadi ya wasichana waliofika chuo ikapungua, na baada ya miaka michache masharti yakalegezwa, wanawake wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja. Hapa Kenya, kuanzia 1984, vijana waliofaulu kwenda chuo kikuu walipitishwa kwanza katika NYS kwa miezi kadhaa. Wazee wengine mtakumbuka vile vijana walivyorudi nyumbani na nguo za kijani. Walifunzwa nidhamu, sawa, lakini aliyekwenda kusoma sheria na aliyekwenda kusoma kilimo walipitia mazoezi yale yale.

Kwa maoni yetu, Musoma na NYS ziliiacha kazi nje ya mlango wa chuo. Mwanafunzi aliifanya kwanza, akaimaliza, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Digrii yenyewe haikuguswa.

MADAKTARI WALIOANZIA KIJIJINI

Mfano tunaoupenda zaidi uko hapa hapa nchini. Mwaka wa 1990 Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha madaktari kule Eldoret. Walioanzisha masomo hayo waliamua kwamba mwanafunzi wa udaktari hatangoja mwaka wa mwisho ndipo aone wananchi. Atapelekwa kwao tangu mwaka wa kwanza, na atarudi tena na tena mpaka amalize. Mpango huo unajulikana kwa kifupi kama COBES, yaani masomo na huduma ndani ya jamii yenyewe. Vituo vya afya vya mashambani kama Mosoriot huko Nandi na Chulaimbo upande wa Kisumu vimewapokea wanafunzi hao.

Mpango wenyewe umepangwa kama ngazi. Mara ya kwanza mwanafunzi anakwenda kuijua jamii tu: watu wanaishije, maji yanatoka wapi, chakula ni kipi, mgonjwa akizidiwa usiku anabebwa na nani. Mara ya pili anaipima jamii. Daktari humpima mtu mmoja akatafuta ugonjwa wake. Mwanafunzi huyu anatafuta ugonjwa wa kijiji kizima. Mara ya tatu anaandika mpango wa utafiti juu ya shida aliyoiona. Mara ya nne anarudi kuufanya utafiti huo. Na karibu na mwisho anapelekwa kufanya kazi katika huduma za afya, kuona hospitali inavyoendeshwa, dawa zinavyoletwa na zinavyokosekana. Hayo yote yamo ndani ya masomo. Mtu hawezi kusema mimi nimefaulu mitihani ya darasani, hayo ya kijijini niachieni. Wenzetu wa Makerere, Uganda, nao walishika njia kama hiyo mwaka wa 2003.

Kwa nini walifanya hivyo? Chukueni mtoto anayehara. Akiletwa hospitalini, daktari anampa maji ya chumvi na sukari, mtoto anapona, anakwenda nyumbani. Mwezi ujao yuko pale pale tena. Daktari aliyesoma ndani ya kuta nne atasema mama huyu ni mchafu. Daktari aliyewahi kukaa kijijini atauliza: mnachota maji juu ya mahali ng'ombe wanaponywea ama chini yake? Sasa nani alimfundisha kuuliza swali hilo? Si profesa. Ni mama wa boma fulani aliyemshika mkono akampeleka mtoni.

Hatusemi mpango huo hauna shida. Kuwapeleka wanafunzi nje kunataka magari, nyumba za kulala na wahadhiri wa kuwafuata. Pesa zikipungua, safari za nje ndizo rahisi kukatwa, na darasa linabaki. Lakini wazo lenyewe ni sawasawa, na linaweza kutumiwa kwa kilimo, biashara, ualimu, uhandisi wa maji na hii kazi yetu ya huduma za jamii. Sisi tuliosomea diploma tulitumwa nyanjani pia, na mpaka leo yale tunayoyatumia zaidi tuliyapata huko, kwa wazee waliotusahihisha mbele ya watu.

WATOTO HAWA NI WETU

Tuje kwenu sasa. Katika kila kikundi kilichoko hapa kuna mzazi ambaye mtoto wake yuko chuoni ama amemaliza. Tulifanya harambee, mbuzi wakauzwa, wengine waliuza kipande cha shamba. Mtoto akapata digrii. Akaenda kutafuta kazi, akaulizwa: una uzoefu wa miaka mingapi? Atapata wapi uzoefu na ndio anatoka shuleni? Ndiyo sababu vyuo vingi vimeweka atachimenti ndani ya digrii, kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na katika masomo mengi mtu hahitimu bila kuifanya.

Shida ni kwamba nafasi ni chache na hazigawanyiki sawa. Serikali ina chombo kinachoitwa NITA, kinachosimamia mafunzo ya viwandani. Waajiri hulipa kwake shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na moja ya kazi zake ni kusaidia wanafunzi kupata mahali pa mazoezi. Lakini si mnajua mambo yalivyo mjini. Mtoto mwenye mjomba ndani ya kampuni anaingia kwa simu moja. Mtoto wa mama mboga anazunguka na bahasha ya khaki, ofisi hadi ofisi, nauli ikiisha anarudi nyumbani. Tunawajua waliofika mwisho wa mwezi wa kwanza bila kupata mahali, wakatafuta mtu wa kuwapigia muhuri tu, ili fomu irudi chuoni imejaa. Hiyo ni karatasi ya uongo, na mzazi ameilipia karo.

Hapo ndipo vikundi vyetu vinapoingia. Kikundi kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka wa 2022, chenye katiba, viongozi, vitabu vya hesabu na mradi unaoendelea, ni mahali pa kazi. Kina mkubwa wa kazi, kina pesa za watu, kina soko na kina hasara. Mwanafunzi wa hesabu atapata hesabu. Mwanafunzi wa kilimo atapata mimea yenye magonjwa halisi. Na mwanafunzi wa huduma za jamii, huyo atapata watu waliokosana juu ya mkopo.

Tunakijua kikundi kimoja cha akina mama wa maziwa kilichompokea kijana wa masomo ya biashara. Wiki ya pili kijana alikuja na mpango ulioandikwa vizuri sana: tuongeze maziwa. Mbegu bora ya ng'ombe, chakula bora, kila mwanachama aongeze lita mbili kwa siku. Mweka hazina alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Alimsikiliza mpaka mwisho halafu akamwuliza, "Mwanangu, na mwezi wa tano tutayamwaga wapi?"

Kijana hakulielewa swali. Wanachama wakamweleza. Mvua ya masika ikinyesha, majani ni mengi, maziwa yanajaa kila boma, bei inaanguka na mnunuzi anarudisha madebe. Basi mweka hazina akamfungulia vitabu vya miaka miwili, akamwambia tafuta humo. Kazi ya kwanza ilikuwa ngumu, maana mmoja aliandika chupa, mwingine kibuyu, mwingine lita. Kijana alipima vyombo vyote kimoja kimoja, akageuza kila kitu kuwa lita, akaandika mwezi kwa mwezi: yaliyoletwa, yaliyouzwa, yaliyorudishwa. Ikaonekana kwamba hasara kubwa ilikuwa ya maziwa ya jioni wakati wa mvua. Gari la mnunuzi lilipita asubuhi tu, na kikundi hakikuwa na mtambo wa kupoza. Ng'ombe hawakuwa na kosa lolote. Kikundi kikaanza kugandisha maziwa ya jioni kuwa mala na kuyauza sokoni. Shida yote haikwisha, kwa sababu mala nayo ikikaa sana inaharibika na soko la karibu ni dogo. Lakini sasa wanajua wanapoteza nini na lini, na wote wanaandika kwa lita.

Tazameni nani alimfundisha nani pale. Kijana alileta njia ya kupanga hesabu, ambayo mama hakuwa nayo. Mama alileta swali, ambalo kijana hakuwa nalo. Chuo peke yake hakingempa. Tunadhani hiyo ndiyo maana ya kuingiza kazi ndani ya digrii.

Sasa, ili mambo yaende hivyo kuna matengenezo. Kabla hajafika, kikundi kikae kiamue kazi mbili ama tatu tunazotaka zifanywe. Ziwe kazi za kweli, zenye mwisho, zinazoweza kumalizika kwa wiki 10 hivi. "Atusaidie saidie" si kazi. Kupanga vitabu vya mikopo, kuhesabu miche iliyokufa na kutafuta sababu, kuandika mpango wa kuombea pesa za tangi la maji, hizo ni kazi. Achaguliwe mtu mmoja wa kumsimamia, awe anaijua kazi na awe na saa mbili kila juma za kukaa naye. Mwenyekiti si lazima awe yeye, na mara nyingi isiwe yeye, kwa sababu yuko katika kila mkutano wa chifu. Mwanafunzi awe na daftari la kila siku, na msimamizi alisome kila Ijumaa kabla ya kutia sahihi. Asitie sahihi za miezi mitatu siku moja, kama tunavyoona wengine wakifanya.

Chuo nacho kina wajibu wake. Mhadhiri anapaswa kuja kumwona mwanafunzi kazini, na akija, kikundi kiwe na muda wa kusema naye bila mwanafunzi kuwapo. Chuo kinachotuma watoto kisha hakuna mhadhiri anayefika hata mara moja kinachukua karo ya bure. Mwandikieni mkuu wa idara. Barua ya kikundi chenye muhuri ina uzito kuliko mnavyofikiri.

Tumefika kwenye fomu, na hapa tutakaa kidogo.

Mwishoni mwanafunzi huleta fomu ya kutathmini kazi yake. Ina mistari: kufika kwa wakati, bidii, ujuzi wa kazi, kushirikiana na wenzake. Kila mstari una alama. Vikundi vyetu vingi vinaweka alama ya juu kabisa toka juu hadi chini. Tukiuliza mbona hivyo, tunaambiwa, "Tusimharibie mtoto wa wenyewe." Tunaielewa huruma hiyo. Lakini alama ile inaingia kwenye digrii. Ni kama mtihani, na nyinyi ndio mnaosahihisha. Mkimpa aliyelala nyumba nzima ya mchana alama sawa na yule aliyepima vibuyu vya maziwa, mmemwibia yule wa pili. Halafu chuo kitaona alama zote za vijijini ni sawa, kitasema wananchi hawajui kupima, na siku inayofuata alama zenu hazitahesabiwa. Neno letu ndani ya digrii tunalipoteza sisi wenyewe kwa upole wa uongo.

Lakini msimvizie mtoto pia. Wiki ya nne hivi mketini naye mumwambie yaliyo mazuri na yaliyo mabaya, ili apate nafasi ya kujirekebisha. Mwishoni andikeni mambo mliyoyaona kwa macho. Kuandika "ni mvivu" hakusaidii mtu. Andikeni: "Mwezi wa kwanza alichelewa mara sita, tukamwambia, mwezi wa pili hakuchelewa." Mhadhiri akisoma hivyo anajua hapa palikuwa na mwalimu.

Kuna mambo ya pesa. Msimtoze mwanafunzi chochote ili apokelewe. Tumesikia mahali pengine wanaitwa watoe "chai" kwanza. Kikundi kilichosajiliwa kwa ajili ya kusaidiana hakiwezi kuanza na hiyo. Kama hamna uwezo wa kumlipa, semeni mapema, mpatane. Ila akitumwa, nauli iwe ya kikundi, na siku ya kazi apate chakula cha mchana kama wengine. Mwulizeni kama ana bima ya ajali kutoka chuoni, hasa kama atashika mashine ya kukata majani ama atapanda pikipiki kwenda kwa wanachama. Na msimfukuze mchungaji mnayemlipa kwa sababu mmepata kijana wa bure wa miezi mitatu. Kijana ataondoka Agosti, mchungaji atakuwa amepata kazi kwingine, na ng'ombe watabaki na nyinyi.

Wasichana wapewe mahali pa kulala katika boma lenye mama wa nyumba, si nyumbani kwa kiongozi anayeishi peke yake. Alama, sahihi na muhuri visigeuzwe kuwa mtego. Mtu akimtaka binti kwa sababu ana fomu yake mkononi, hilo si jambo la wazee kukaa chini ya mti wakapatana mbuzi. Kuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006. Mwiteni polisi, na chuo kiarifiwe siku hiyo hiyo. Akina mama wenye vyeo katika vikundi, tunawatazama nyinyi zaidi katika hili.

Jambo lingine ni habari zenu. Wanafunzi hupenda kuuliza maswali na kuandika: una watoto wangapi, unadaiwa kiasi gani, mna mgonjwa nyumbani? Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mtu ana haki ya kujua habari zake zinachukuliwa za nini na zitapelekwa wapi. Mnaweza kusema swali hilo sitalijibu. Majina ya wenye madeni yasiingie katika ripoti. Na ripoti yenyewe, tafadhali, isiishie kwenye kabati la chuo. Kabla hajafunga mizigo, mwanafunzi aisome mbele ya mkutano kwa Kiswahili ama kwa lugha ya nyumbani, watu wamsahihishe, ndipo aende kuiandika vizuri. Nakala moja ikae katika sanduku la kikundi pamoja na vitabu vya hesabu. Mwanafunzi wa mwaka ujao aanze pale huyu alipoachia, kama wale madaktari wa Eldoret wanaorudi mara ya pili wakijua walichokiona mara ya kwanza. Kikundi kinachopokea mtu mpya kila mwaka na kila mwaka kinaanza kumweleza historia ya kikundi tangu mwanzo kinapoteza wakati wake.

Mama mmoja ametuuliza hapa nje, kabla hatujaanza: je, kikundi ambacho hakuna anayejua Kiingereza kinaweza kumpokea mwanafunzi, na fomu zenyewe ni za Kiingereza? Kinaweza. Mwanafunzi aieleze fomu mstari kwa mstari mbele ya kamati, na kijana mwingine wa kijiji aliyemaliza kidato cha nne akae hapo kuhakikisha anaieleza sawasawa. Kamati itoe alama, kijana yule aandike, mwenyekiti na katibu watie sahihi. Maelezo yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Chuo kikuu cha Kenya hakikosi mtu wa kuyasoma.

Wanafunzi wengi hutafuta nafasi za kati ya Mei na Agosti, kwa hivyo barua kwa vyuo zinafaa kwenda mapema, Januari ama Februari. Tuko tayari kuwasaidia kuziandika. Anayekuja ofisini alete cheti cha usajili, katiba ya kikundi, jina la mtu atakayemsimamia mwanafunzi, na karatasi moja yenye zile kazi mbili ama tatu mlizopatana. Tutaanza kwa kuisoma karatasi hiyo ya kazi.